Tujifunze Kumtaja Nyoka kwa Jina Lake

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu ya nyoka ni kongwe kuliko vijiji vyetu, nami sikusudii kumcheka yeyote anayeruka asikiapo majani yakichakarika. Ninalotaka kulijadili leo ni jambo ambalo, kwa maoni yangu, huifanya hofu hiyo itudhuru badala ya kutulinda. Jambo lenyewe ni hili: tumewapoteza nyoka majina yao.

Nyumbani kwangu, chini kidogo ya vilima vya Mua, nina bustani ya sukumawiki, migomba michache na ghala dogo la mahindi. Jioni moja ya mvua za vuli mwanangu aliingia mbio akipiga mayowe: "Baba, nyoka!" Nikamwuliza, "Nyoka gani?" Akanitazama kana kwamba nimempa swali la mtihani ambalo hakulisomea. "Ni nyoka tu, Baba." Kabla sijaweka kalamu chini, jirani alikuwa keshafika na jembe, na kiumbe yule alikuwa vipande vitatu. Nilipommulika kwa tochi niliona mwili wa kahawia na mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Alikuwa yule nyoka wa nyumba, asiye na sumu, ambaye riziki yake ni kuwanyonga panya na kuwameza. Siwezi kuapa kwamba panya waliotoboa magunia yangu miezi miwili baadaye wasingekuja lau angekuwa hai. Najua tu kwamba tulimwua mlinzi ambaye hatukumlipa hata senti.

Hilo lilikuwa hasara ya mahindi. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka uo huo, kijana wa kijiji jirani alikanyaga nyoka magharibi, akirudi kutoka mtoni bila viatu. Jamaa zake walimfunga mguu kwa kamba, wakachanja, wakabandika jiwe jeusi, kisha wakangoja. Alfajiri walipomfikisha hospitalini, mguu ulikuwa umevimba hadi pajani. Mwuguzi aliuliza lile swali nililomwuliza mwanangu. Shahidi wa kwanza akajibu, "Mweusi." Wa pili akasema, "Mkubwa." Wa tatu akasema, "Mbaya." Kijana alinusurika, lakini alipoteza vidole viwili. Baadaye mmoja wa mashahidi hao alinieleza, pasi na kuulizwa, kwamba nyoka yule alikuwa mfupi, mnene, mwenye alama kama herufi V mgongoni, na kwamba hakukimbia. Maelezo hayo ni ya kifutu mtupu! Alikuwa nayo usiku kucha; alichokosa ni jina la kuyafunga pamoja.

Nisieleweke vibaya. Daktari humtibu mgonjwa kwa kutazama dalili, hata bila jina. Kilichomdhuru kijana yule ni saa zilizopotea na kamba ile iliyokaza mguu. Lakini anayemjua kifutu anajua pia kwamba sumu yake huozesha nyama pale ilipoingia, na kwamba kuufunga mguu ni kuyazidisha maangamizi. Jina la kitu, likijulikana sawasawa, huja na maarifa yake.

Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa wanyama, nami naliona tatizo hili kwa jicho la taaluma yangu. Neno nyoka ni la kale mno. Wakamba husema nzoka, Wakikuyu njoka, na Wazulu kule kusini kabisa mwa Afrika husema inyoka. Babu zetu walitembea na neno hilo bara zima. Chini ya neno hilo mama, Kiswahili kilizaa majina mengi: chatu, swila, fira, koboko, ukukwi, na huyo kifutu ambaye wengine humwita moma au bafe. Hivi majuzi niliwaomba wanafunzi wangu waandike majina ya nyoka wanaowajua. Wengi waliandika matatu: chatu, kobra na mamba. Naam, mamba! Neno hilo, kwa maana ya nyoka, Waingereza walilichukua kwa Wazulu, nasi tumelipokea kwa Waingereza. Katika Kiswahili, mamba tumjuaye ni yule wa Mto Athi. Mwanafunzi akiandika kwamba shangazi yake aliumwa na mamba shambani, nitamwuliza mto ulifikaje huko.

Kamusi zetu nazo hazijatusaidia vya kutosha. Mara nyingi msomaji akilitafuta jina la nyoka hukutana na maelezo yasemayo "aina ya nyoka mwenye sumu", basi. Hapo hajaambiwa urefu wala rangi, na hata tabia haikutajwa. Ni sawa na kumwelekeza mgeni Machakos kwa kumwambia kwamba ni aina ya mji.

Wapo watakaouliza kama majina ni jambo la kupigania. Nawajibu kwa mfano wa hapa kwetu. Kwa miaka mingi wanasayansi walimhesabu swila mkubwa wa pwani na wa nyanda kavu za Kenya kuwa rangi nyingine tu ya swila wa shingo nyeusi. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Watamu mwaka wa 1980 pamoja na mkewe Sanda, alishikilia kwamba huyo ni nyoka mbali. Ashe alifariki mwaka wa 2004. Mwaka wa 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimpa nyoka huyo jina lake la kisayansi, Naja ashei, kwa heshima ya mzee huyo. Mmoja wa swila mkubwa kabisa duniani aliishi miongoni mwetu bila jina la kitaalamu hadi juzi!

Aidha, Shirika la Afya Duniani lilitia madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Linakadiria kwamba kila mwaka watu baina ya 81,000 na 138,000 hufariki duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima na watoto wa mashambani, yaani sisi.

Yamkini mzazi atanikabili: "Unataka mwanangu amwinamie nyoka ahesabu mistari ya kichwani?" La hasha! Nyoka hutambuliwa kwa mbali, na asiyekuwa na hakika amchukulie kila nyoka kuwa mwenye sumu. Amwachie njia ya kutokea na asimsogelee, kwani wengi huumwa wakijaribu kumwua. Kuni na mawe visirundikwe ukutani, nafaka ihifadhiwe panya wasiifikie, na usiku mtu avae viatu na ashike tochi. Kulala ndani ya chandarua hukinga zaidi ya mbu. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda hospitalini. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, atulizwe, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitalini bila kukawia. Asichanjwe wala asifungwe kamba. Jiwe jeusi nalo, ambalo aghalabu ni mfupa uliochomwa, lirudishwe lilikotoka.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Katika somo la lugha, mpeni kila mwanafunzi kazi ya kumwuliza nyanya au babu yake majina ya nyoka wa kijijini, kwa Kikamba au kwa lugha yoyote ya nyumbani. Kando ya kila jina aandike rangi, umbo, mahali aonekanapo na tabia yake. Mwalimu wa sayansi asahihishe, kisha orodha ibandikwe ukutani. Shule itapata insha bora na msamiati uliookolewa. Huenda pia siku moja mtoto akasimama mbele ya mwuguzi na kusema, "Mfupi, mnene, alama za V, hakukimbia."

Tuna methali isemayo kuwa nyoka wa mdimu hulinda asichokila. Wahenga waliitumia kumsuta mchoyo. Mimi, kila niingiapo ghalani nikaona magunia yaliyotobolewa, huikumbuka kwa maana nyingine. Yule wa kahawia tuliyemkata vipande vitatu hakula punje hata moja ya mahindi yangu, naye aliyalinda hadi jembe lilipomshukia.