Faida ya Nguruwe na Homa Yake

Twasikia wafugaji wa bara ya Lindi wakihesabu faida kwa vidole: jike mmoja huzaa watoto wanane au kumi, mara mbili kwa mwaka, basi utajiri u mlangoni. Hesabu hiyo hatuipingi. Twasema ina upungufu, maana homa ya nguruwe haikutiwa ndani yake.

Homa hiyo ilielezwa kwanza na Montgomery katika Kenya, mwaka 1921. Ngiri huwa nayo wala haugui. Papasi humwuma ngiri, kisha humwuma nguruwe wa kufugwa, naye hufa. Dawa yake hakuna.

Lakini adui mkubwa si ngiri. Ni yule aonaye mmoja ameugua, akawachinja wote usiku, akauza nyama kwa bei ya kutupa. Atajitetea kwamba nyama hiyo haimdhuru mlaji. Ni kweli, lakini mifupa na makombo yake huliwa na nguruwe wa jirani, na mabanda ya kijiji kizima huwa matupu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi tujenge mabanda yasiyo nyufa, tuchemshe makombo, na siku ya ugonjwa tumwite bwana mifugo, si mchuuzi. Asiyelipa gharama hiyo asihesabu faida.