Chai ya Artemisia na Homa ya Mtoto



Swali ambalo waamini hawachoki kuniuliza ni hili: je, ni dhambi kutumia miti shamba? Hapana. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa zatoka ardhini kwa mapenzi ya Muumba, na papo hapo anaagiza tabibu apewe heshima yake. Sisi ndio tunaoyatenganisha hayo mawili.

Sina ugomvi na tangawizi kwa kikohozi cha mtu mzima. Asali nayo ni njema, ila si kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Hata mafuta ya mwarobaini, mti tunaousifu kwa magonjwa arobaini, yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Linalonisumbua ni artemisia, ndugu wa ile pakanga ya Maandiko, inayopandwa siku hizi hata katika bustani za parokia. Wenye kuitetea husema kwamba dawa ya malaria ya hospitali imetoka humo humo. Ni kweli. Lakini na wasimulie habari yote. Tu Youyou wa China, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alishuku kwamba kuchemsha kunaharibu nguvu ya mmea huo. Ndipo akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafanikiwa. Basi anayejitetea kwa jina lake huku sufuria inatokota jikoni ameisahau nusu ya hadithi.

Tena, kiasi cha dawa ndani ya majani hutofautiana shamba kwa shamba, na hakuna mama awezaye kukipima kwa kikombe. Kikipungua, homa hutulia kidogo, vimelea vikabaki hai, na vinavyobaki vyaweza kuzoea dawa. Ndiyo maana zahanati hutoa dawa mseto, na ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuunga mkono matumizi ya majani haya kwa malaria. Malaria kali haimsubiri mtoto. Saa 24 zaweza kutosha kumfikisha mahututi.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Mama anayechemsha majani usiku si mjinga. Mara nyingi zahanati iko mbali na nauli hana. Kumhubiria juu ya vipimo bila kumpa nauli ni kumbebesha mzigo tusiougusa hata kwa kidole. Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zitenge sehemu ya mfuko wao, hata ikiwa ndogo, ili mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Na kama alikwisha kunyweshwa majani, mama amweleze mganga wa zahanati bila kuona haya, ni majani gani na amekunywa mara ngapi.