Fungueni Kasri la Eugene, Watu Wapande Ngazi

Wacha niseme bila kuzungukazunguka: serikali ya Austria ilirudishe kasri la mjini la Mwanamfalme Eugene wa Savoy kuwa jumba la makumbusho. Liko katikati ya Vienna, mtaa wa Himmelpfortgasse. Jina hilo linatokana na Lango la Mbinguni. Funguo za lango? Ziko na Wizara ya Fedha.

Najua mtaniambia, "Si uliangalie tu kwa nje." Kwa nje wapi, jamani? Mtaa wenyewe ni mwembamba, ukuta ni mrefu, hata simu haiushiki wote kwa picha moja. Utamu wa hili jumba la Baroko uko ndani. Johann Bernhard Fischer von Erlach, aliyeanza kulijenga miaka ya 1690, alikuwa na kiwanja kilichobanwa na majirani, kwa hivyo akamaliza ufundi wake kwenye ngazi. Wanaume wa mawe, misuli imewatoka, wamejikunja wakibeba uzito mabegani. Mgeni hajamwona mwenye nyumba bado, lakini ashajua anapanda kuonana na jemadari. Baadaye Johann Lukas von Hildebrandt akalipanua. Sasa ngazi ya kumshangaza mgeni ni ya nini kama wanaoipanda ni maofisa na waalikwa wao?

Na msiniletee hadithi ya mali ya familia. Eugene, aliyetajirika kwa vita, alifia humo 1736 bila mke, mtoto wala wosia. Mpwa wake alirithi, akaanza kuuza. Mwaka wa 1752 Maria Theresa akalinunua, na 1848 likawa makao ya Wizara ya Fedha. Hiyo ni nyumba ya umma, inatunzwa kwa pesa za umma.

Eti haiwezekani? Ilishawezekana! Baada ya ukarabati, 2013 vyumba vya fahari vilifunguliwa chini ya makumbusho ya Belvedere. Watu wakaingia, wakatazama. Mwaka wa 2017 maonyesho yakafungwa, wizara ikarudishiwa vyumba vyake.

Mnaniuliza yananihusu nini mimi Mkenya? Serikali yoyote ikizoea kufungia urithi nyuma ya ofisi, mlipa ushuru anabaki kupiga picha ya mlango. Waziri anaweza kufanyia mkutano chumba chochote chenye meza. Ngazi za Fischer von Erlach haziwezi kuhamishwa.