BAHARIA AKITIA NANGA ANATAKA NINI?



Chai inayochumwa Kericho, Rwanda, Burundi na magharibi ya Uganda huenda Mombasa. Huko ndiko uliko mnada wa chai tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na kutoka gati za Kilindini chai hiyo huvuka bahari. Sisi tukisha kuifunga kiwandani na kuipakia kwenye lori, huona kazi imekwisha. Kumbe imepokewa na mfanyakazi mwingine tusiyemwona: baharia.

Tumezoea kusikia kwamba baharia akifika bandarini hutafuta vitu viwili tu, pombe na wanawake. Hayo ni maneno ya vilabuni. Baharia wa siku hizi, awe Mfilipino, Mhindi au Mkenya, hana hata nafasi ya starehe hizo. Zamani, shehena ilipobebwa kwa magunia, meli ilikaa gatini siku nyingi, pengine majuma. Tangu kuja makontena, meli hushushwa na kupakiwa usiku na mchana, kisha huondoka, na wakati huo huo baharia ana zamu yake ya kazi. Tena tangu Julai 2004, zilipoanza kutumika kanuni mpya za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, malango mengi yamezidi kubana. Mtu anaweza kuzunguka nusu ya dunia asikanyage nchi kavu.

Basi anataka nini? Kwanza, anataka kushuka. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1965 wa kurahisisha safari za meli unasema baharia asidaiwe viza kwa matembezi ya nchi kavu wakati meli yake iko bandarini. Pili, anataka gari la kumtoa gatini mpaka mjini kwa bei ya haki, maana kutembea kwa miguu kati ya winchi na malori ni hatari. Tatu, anataka kuzungumza na mkewe na watoto aliowaacha miezi sita au tisa. Nne, akiumwa jino au kifua, anataka daktari kabla meli haijang'oa nanga. Tano, na hili ndilo kubwa, anataka mtu wa kumweleza kwamba hajalipwa mshahara.

Hakuna hata moja katika hayo ambalo ni sadaka. Yamo katika Mkataba wa Kazi za Mabaharia uliopitishwa Geneva mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam zimefungwa nao. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanazitaka nchi, kadiri inavyowezekana, ziwapatie mabaharia intaneti bandarini kwa bei nafuu. Na tangu Januari 2017 mwenye meli anatakiwa awe na dhamana ya kuwarudisha mabaharia kwao na kuwalipa hadi mishahara ya miezi minne iwapo atawatelekeza.

Dhamana hiyo iliwekwa kwa sababu. Mwenye meli yuko nchi moja, meli ameiandikisha Panama au Liberia, mabaharia amewaajiri kwingine. Biashara ikimharibikia, hapokei simu tena. Mabaharia hubaki melini bila mshahara, na chakula na maji vinakwisha. Wanaoweza kuwaokoa ni watu wa bandari ile walipo: mkaguzi wa serikali anayeweza kuizuia meli, na chama cha wafanyakazi kinachopokea malalamiko yao. Nyumba za mabaharia, kama ile ya Mission to Seafarers iliyoko Mombasa, hufanya kazi njema na tunazishukuru. Lakini kikombe cha chai hakilipi deni la mshahara.

Wako wenzetu watakaouliza: sisi wenyewe tuna shida zetu, za wageni za nini? Tunawajibu kwamba mwajiri anayejificha nyuma ya bendera ya nchi nyingine ni ndugu wa yule anayejificha nyuma ya wakala wa vibarua shambani. Njia ni ile ile: mfanyakazi asijue amdai nani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mabaharia wapatao 400,000 walizuiwa melini baada ya mikataba yao kwisha, huku dunia ikiendelea kula na kuvaa vitu walivyobeba. Hatukuwasikia, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kusemea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bandari inayomlinda baharia mgeni huwafundisha waajiri wote kwamba hapa sheria inafanya kazi. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi, la kiwanda au la shamba, lipitishe azimio kuzitaka serikali zetu ziongeze wakaguzi wa kazi za mabaharia na kufungua malango kwa mabaharia wenye vitambulisho. Nao makuli na madereva walioko gatini, wakiona meli ambayo watu wake wanaomba maji, wasipite kimya. Wakiambie chama siku hiyo hiyo, kabla haijaondoka.