Maharagwe Pekee Hayatoshi

Tangu mwaka 2016, jiji la Kigali hutenga Jumapili maalumu ambapo baadhi ya barabara hufungwa ili magari yasipite. Hapa Kimihurura watu hujitokeza kukimbia na kutembea, na wengi hupimwa shinikizo la damu bila malipo. Ni desturi njema. Hata hivyo, damu inayopimwa Jumapili huundwa kwa chakula cha siku nyingine zote, kikiwemo kile cha shuleni.

Tuitazame damu yenyewe. Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu, na moyo wake hupiga kama mara 100,000 kwa siku kuisukuma. Ateri huitoa damu moyoni, vena huirudisha, na katikati yake zimo kapilari, vishipa vyembamba mno ambamo damu hutoa oksijeni na virutubishi, kisha hupokea taka za mwili. Oksijeni hubebwa na himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na himoglobini haiundwi bila madini ya chuma. Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ndipo uboho wa mifupa huunda nyingine badala yake. Wasemao kwamba mwili haujengwi kwa matofali wanasema kweli.

Chuma kikipungua, mwanafunzi huchoka upesi, huhema apandapo mlima, na mawazo yake hutangatanga darasani. Wasichana wamo hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi. Kabla hatujamwita mtoto mvivu, yafaa tuulize amekula nini.

Shuleni kwetu aghalabu amekula maharagwe, chakula ambacho baadhi ya wanafunzi hukidharau. Hawatendi haki. Rwanda ina hata mbegu za maharagwe zilizoboreshwa ili ziwe na chuma kingi. Mwaka 2013 huko Huye, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walilishwa maharagwe hayo kwa miezi minne hivi. Akiba yao ya chuma iliongezeka, na kumbukumbu zao zikaimarika kuliko za wenzao waliokula maharagwe ya kawaida.

Tatizo ni kwamba chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida utumboni. Vitamini C hukifungulia mlango, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huufunga. Kiswahili kinatupa mfano mzuri hapa. Tunda tunaloliita ikinyomoro kwa Kinyarwanda, nchini Kenya huitwa tunda la damu. Halina chuma kingi, lakini vitamini C yake hukisaidia chuma cha maharagwe kuingia katika damu. Waliolipa jina hilo hawakuwa mbali na ukweli.

Kwa hiyo natoa rai. Serikali imeupanua mpango wa chakula cha shuleni, nao wazazi huuchangia. Mwenye kuchangia ana haki ya kuuliza sahani ina nini, na wajibu wa kushauri. Kamati za shule zipange kwamba maharagwe yasiandaliwe bila tunda au mboga mbichi kando yake, na chai inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Najua nitaambiwa kuwa fedha ni chache. Lakini kachumbari ya kabichi na nyanya si anasa, wala robo ya chungwa. Mpera uliopandwa uani huzaa miaka mingi, na kuichelewesha chai hakugharimu hata faranga moja.

Nanyi wanafunzi msingoje wakubwa peke yao. Wawakilishi wenu wana nafasi ya kusema na uongozi wa shule. Jambo hili walifikishe huko, kwa adabu na kwa hoja.