Masika Si Kibarua Wako

Kuna hoja imechapishwa, nayo ni hii: mwenye nyumba Dar es Salaam aifumue bustani yake yote mwezi Machi, akate miti ya zamani, apange upya, kisha mvua za masika zimmalizie kazi bure.

Bure? Milimita 50 za mvua kwenye mita 100 za mraba ni lita 5,000 za maji. Udongo uliochimbuliwa ukaachwa uchi haunywi yote hayo; huondoka nayo. Mbolea uliyonunua itastawisha magugu ya mtaroni.

Eti kazi ya mkupuo ni nafuu. Nafuu kwa fundi, labda: analipwa kuchimba, kisha analipwa kurudisha. Na udongo mbichi ukikanyagwa na mikokoteni hushindiliwa, mizizi ikakosa hewa.

Kioja hasa ni vitofali vya saruji: tandika ua mzima, tunaambiwa, tope litakwisha. Tope sawa, maji je? Yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanatafuta mlango, wako au wa jirani. Januari jua likiwaka, ua huo huo utakuwa kikaango. Na mwarobaini ulioagizwa ukatwe kwa kosa la kudondosha majani ndio uliokuwa ukikupa kivuli. Umeokoa dakika chache za kufagia, unalipa umeme wa feni mchana kutwa.

Machi zibua mitaro, funika udongo kwa majani makavu, panda miche. Anayewashwa na sululu asubiri kiangazi cha Juni, kiwanja hakitahama.