Deni la Samaki na Jina la Mungu

Hapa Kasenyi, kando ya Ziwa George, mchuuzi huchukua ngege kwa mkopo akauze Bwera, alipe jioni. Jioni mwanakwaya huyo anasema, "Mungu akipenda, kesho." Nakataa! Mungu ameingiaje katika deni la samaki?

Atasema bei ilishuka. Asome Yoshua 9. Wagibeoni walipata kiapo cha Waisraeli kwa hila: mikate mikavu, viatu vikuukuu. Siku 3 baadaye uongo ukafichuka, watu wakanung'unika, lakini wakuu hawakuvunja kiapo. Sauli alikuja kuwaua Wagibeoni, na nchi ikapata njaa miaka 3 wakati wa Daudi.

Nao walikuwa wamedanganya. Mvuvi wetu amemdanganya nani?